Chicago kwa Pointi

Jumapili ya pili ya Oktoba, jiji la Chicago halina chumba cha bei ya huruma. Marathoni huanzia na kuishia Grant Park, katikati kabisa ya jiji, na maelfu ya wakimbiaji pamoja na jamaa zao wote wanataka kulala mahali watakapoamka na kutembea kwa miguu hadi mstari wa kuanzia. Kwetu sisi wa Afrika Mashariki zile ni mbio za nyumbani zinazokimbiwa ugenini. Hapo ndipo Catherine Ndereba alipoweka rekodi ya dunia mwaka 2001, na Brigid Kosgei mwaka 2019. Hapo ndipo marehemu Kelvin Kiptum alipomaliza kwa saa 2 na sekunde 35 mwaka 2023, na mwaka 2025 akashinda Jacob Kiplimo wa Uganda. Kutazama ni bure, unasimama tu kando ya barabara na bendera yako. Mfuko hutoboka kwenye malazi.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni muuguzi wa zamu za usiku viungani mwa Dallas. Ana watoto shuleni, ana wazazi Eldoret wanaotegemea mwisho wa mwezi wake, na hana mazoea ya kutupa pesa. Hata hivyo yeye na mumewe huenda kuzitazama mbio hizo na kulala kwenye hoteli ambayo kwa pesa taslimu wasingeithubutu. Nimemtazama akiipanga safari hiyo, mara kwa simu ya video, mara nikiwa nimeketi naye mezani, na naona huu ni ufundi kama ufundi mwingine wowote. Una vipimo vyake na subira yake, na mtu asiyeujua huharibu malighafi.

Mchezo wenyewe wa kulipia safari kwa maili na pointi ulizaliwa tarehe 1 Mei 1981, American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage. Miaka mitatu kabla ya hapo serikali ya Marekani ilikuwa imeacha kupanga nauli na njia za ndege, na kampuni zikaanza kunyang'anyana abiria. American ilikuwa na mtambo wa kompyuta wa kukatia tiketi, Sabre, uliotunza kumbukumbu za wasafiri. Ikawatafuta humo wale wanaopanda ndege kila mara, ikawaahidi maili za kubadilisha na tiketi. United ilijibu ndani ya siku chache. Mwaka 1983 Holiday Inn na Marriott zikaleta jambo hilohilo hotelini. Kisha benki zikaingia, na tangu hapo si lazima upande ndege ili uchume maili. Unanunua unga na petroli.

Anayedhani kampuni hizi zinagawa sadaka aukumbuke mwaka 2020. Ndege zilipolala chini kwa sababu ya korona, United iliweka rehani mpango wake wa MileagePlus ili ikope. Mpango huo ulithaminiwa karibu dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya hisa zote za kampuni yenyewe sokoni wakati ule. Pesa zinatoka wapi? Kadi ya mkopo inapopitishwa dukani Marekani, mwenye duka hukatwa takribani asilimia 2 ya mauzo. Sehemu kubwa huenda kwa benki iliyotoa kadi. Benki nayo hununua maili kwa jumla kutoka kampuni ya ndege, na kumgawia mteja ili aendelee kuitoa kadi ile ile mfukoni. Ulaya iliiwekea ada hiyo kikomo cha asilimia 0.3 mwishoni mwa mwaka 2015, ndiyo maana pointi za kadi za huko ni kiduchu. Mkenya aliyezoea pointi za Bonga, zinazotosha muda wa maongezi au kulipia kitu kidogo dukani, hupata taabu kuamini kwamba pointi zinaweza kulipia usiku wa hoteli ya ghorofa. Tofauti ni hiyo ada.

Marekani kuna hadithi inayosimuliwa kila wanapokutana wapenzi wa maili. Mwaka 1999 mhandisi wa California aitwaye David Phillips aliona kampuni ya vyakula ya Healthy Choice inatoa maili kwa kila atakayetuma lebo kumi za bidhaa zake. Akasoma masharti hadi herufi ndogo, akagundua kwamba kikombe cha pudini cha senti 25 kina lebo sawa na chakula cha dola kadhaa. Akazunguka maduka akanunua vikombe 12,150. Kubandua lebo zote hizo kabla ya siku ya mwisho kungemshinda, kwa hiyo aliutoa ule mlima wa pudini kwa Salvation Army, na wao wakamsaidia kubandua. Alitumia kama dola 3,140, akapata maili zaidi ya milioni 1.2. Wengine baadaye waliagiza sarafu za dola moja kutoka Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani, kwa kadi, zikaletwa hadi mlangoni bila gharama ya kusafirisha, wakazipeleka benki zikiwa bado kwenye makasha yake na kulipia deni la kadi kwa sarafu zilezile. Mwaka 2011 Mint ikakataa kadi.

Watu hao nawacheka kwa kuwapenda. Ila waliwinda mwanya, na mwanya huzibwa. Kazi ya dada ni ya aina nyingine na mimi naiheshimu zaidi, kwa sababu hakuna ndani yake jambo lolote ambalo benki au hoteli ingetaka kulizuia. Yote yameandikwa kwenye masharti, anachofanya yeye ni kuyasoma.

Anaanzia kitandani. Watu wengi huanza na pointi: nina elfu themanini, je, nitafika wapi nazo? Hapo tayari wameshapotea, maana watanunua kile kinachouzwa na si kile wanachokihitaji. Dada huanza na tarehe, kisha mtaa, kisha nyumba gani katika mtaa huo, na mwisho kabisa ndipo anapouliza ni pointi za nani zinazofungua mlango wa nyumba hiyo. Kwa Chicago jibu lilikuja kirahisi. Hyatt ina makao yake makuu jijini humo, na hoteli zake zimejaa katikati ya mji. Mojawapo ni Chicago Athletic Association, jengo la mwaka 1893 lililokuwa klabu ya matajiri, lipo Michigan Avenue likitazamana na Millennium Park. Ukitoka mlangoni Grant Park iko miguuni pako. Pointi za benki ya Chase huhamishwa kwenda Hyatt moja kwa moja, pointi moja kwa pointi moja. Basi kadi ikajulikana kabla hata fomu haijajazwa.

Baada ya hapo ndipo daftari linapofunguliwa. Ni daftari la kawaida la shule lenye mistari, halafu nakala yake iko kwenye kompyuta ya mumewe. Humo ameandika kila kadi ilifunguliwa lini, ada ya mwaka itadaiwa lini, kiasi gani lazima kitumike na kabla ya tarehe gani ili bonasi ya kujiunga iingie. Bonasi ndiyo nyama ya mchezo huu. Pointi za kununua sukari huja kwa kudondoka, ilhali kadi moja ya Chase, Sapphire Preferred, kwa miaka kadhaa ilimpa mteja mpya pointi 60,000 akitumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu. Ada yake ni dola 95 kwa mwaka. Chase nayo ina uzio wake ambao kila fundi anaujua: ukishafungua kadi tano za benki yoyote ndani ya miezi 24, hawakupi nyingine. Kwa hiyo dada na mumewe hupokezana. Mmoja anafungua, mwenzake anasubiri.

Dola 4,000 kwa miezi mitatu ni pesa nyingi kwa muuguzi, na hapa ndipo wanaoanza huumia, kwa kununua televisheni wasiyoihitaji ili waifikie bonasi. Dada hafungui kadi mpaka aone gharama kubwa inakuja ambayo ingelipwa tu, kadi iwepo isiwepo. Bima ya gari hulipwa kwa miezi sita pamoja; hiyo moja. Meno ya mtoto. Na kuna mwaka kamati ya harusi ya jamaa yetu ilihitaji kulipia ukumbi. Dada akainua mkono akiwa ameketi nyuma, akajitolea kulipia kwa kadi yake, na mhazini amrudishie kutoka kwenye michango. Wazee walimsifu kwa moyo wa kujitoa. Mumewe aliangalia dari.

Kitu kimoja hakipitishi kwenye kadi ya mkopo hata iweje: pesa za nyumbani. Benki nyingi za huko huhesabu utumaji wa pesa kama kuchukua taslimu kwa mkopo. Unatozwa ada, riba inaanza siku hiyohiyo bila kusubiri bili, na pointi hupati. Za Eldoret hutoka kwenye akaunti ya kawaida. Nimekutana na vijana wa kwetu wasiolijua hili, na linawala kila mwezi.

Pointi zikishaingia, haziguswi. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuitazama, kwa sababu kwa nje hakuna kinachotendeka. Pointi zikiwa bado benki zinaweza kwenda Hyatt, au United, au Southwest, au British Airways, na kwingine. Ukishazihamisha zimehama, hakuna kurudi. Mchezaji mzuri wa bao hashiki kete kabla hajahesabu kete ya mwisho itaangukia shimo gani, na dada naye hahamishi pointi hata moja kabla hajakiona chumba chenyewe, tarehe zenyewe, kikiwa wazi kwenye skrini. Anakihakikisha, anahamisha, anakikata. Dakika chache. Miezi iliyotangulia yote ilikuwa ya kujizuia.

Hesabu yake ya kupima bei ni ya darasa la tano. Tuseme chumba ni dola 420 kwa usiku pamoja na kodi, au pointi 25,000. Gawanya: kila pointi imekulipia senti 1.68. Chase ingekupa senti moja kama ungeamua kuichukua kama pesa, kwa hiyo hapo pointi zimefanya kazi. Sasa chukua chumba hichohicho Februari, upepo wa Ziwa Michigan unapokata masikio na hoteli zinabembeleza wateja. Tuseme ni dola 150, na pointi zinazotakiwa hazijapungua sana. Kila pointi inalipia senti 0.6. Lipa pesa, tunza pointi. Ndiyo sababu ya kuchagua wikendi ya marathoni: bei ya pesa inapopaa, bei ya pointi kwa hoteli zinazopanga bei kwa jedwali la madaraja haipai kwa kiwango hicho. Na kodi nayo ihesabiwe. Chumba cha hoteli Chicago hutozwa kodi ya zaidi ya asilimia 17, lakini usiku uliolipiwa kwa pointi kwa kawaida hauna kodi hiyo.

Lakini dada ana safu nyingine daftarini ambayo sijaiona kwa wengi wanaojisifia maili zao. Ameiandika kwa kalamu nyekundu: "ningelala wapi?" Kama bila pointi angelala kwenye hoteli ya kawaida karibu na uwanja wa ndege wa Midway kwa dola 130, basi pointi zimemwokolea dola 130, si 420. Zile nyingine 290 ni raha, na raha ni halali, ila haziandiki kwenye akiba. "Kaka," aliniambia, "watu wanajidanganya hapo. Anakuambia ameokoa dola elfu tatu, muulize hizo elfu tatu ziko benki gani." Sijui mhasibu atakayelieleza vizuri zaidi.

Ndege kutoka Dallas ni maili kama 800 tu angani, na hapo kuna ujanja ambao kwangu ndio mzuri kuliko wote. American ikipandisha bei ya tiketi zake kwa maili zake yenyewe, siti hiyohiyo wakati mwingine hupatikana kwa pointi za British Airways, zinazoitwa Avios, kwa sababu kampuni hizo ni washirika na Avios hupima bei kwa umbali. Yaani unaipandia Texas na kushukia Illinois ndege ya Marekani, tiketi umeikatia kwa Waingereza. Sharti ni kwamba American iwe imewaachia washirika siti siku hiyo, na mara nyingi haijaachia. Dada huangalia akitoka zamu, kahawa mkononi, kabla ya kulala. Akikosa hukata Southwest, ambako pointi hufuata bei ya tiketi na ukighairi zinarudi kwenye akaunti yako. Anakata mapema, kisha anaendelea kuchungulia. Bei ikishuka anaghairi na kukata upya. Kwa tiketi za ndani za maili hulipa dola 5.60 za ada ya usalama kila upande, basi.

Jijini kwenyewe kazi ni nyepesi. Treni ya Blue Line hutembea saa 24 kutoka uwanja wa ndege wa O'Hare hadi katikati ya mji, Orange Line nayo hufika huko kutoka Midway, na teksi haina sababu. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park haina kiingilio. Chicago Cultural Center, iliyojengwa mwaka 1897 kama maktaba ya umma, ina kuba la vioo vya Tiffany ambalo unaweza kulala chali sakafuni ukalitazama bila kulipa senti, kama walinzi watakuvumilia.

Kiingilio kimoja dada hulipa bila kunung'unika: Field Museum. Humo wamo simba wawili wa Tsavo, wale waliowala wafanyakazi wa reli mwaka 1898 hadi Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja la reli hapo, alipowaua Desemba ya mwaka huo. Aliwageuza mazulia ya nyumbani kwake kwa miaka mingi, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba hilo kwa dola 5,000. Patterson alidai walikula watu 135. Utafiti wa mifupa na manyoya yao uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kama 35. Hawana shungi, na ni wadogo kuliko unavyotarajia. Dada alisimama pale mwanawe akimuuliza kwa nini simba wa Kenya wanaishi Chicago. Swali hilo halina jibu la pointi.

Lawama zipo, na hazikwepeki. Ile asilimia 2 ya mwenye duka huingizwa kwenye bei ya mkate, na mkate huo hununuliwa pia na mfagizi anayelipa taslimu asiye na kadi yoyote. Riba ya kadi Marekani kwa sasa hupita asilimia 20 kwa mwaka, na wanaoilipa ndio wanaoifanya benki iwe na ukarimu kwa dada yangu. Yeye hulipa bili yote kila mwezi, kabla ya tarehe, hajawahi kuacha hata dola moja ivuke. Bado analala kwenye shuka ambazo sehemu yake imelipiwa na watu wenye shida kuliko yeye. Anajua. Baadhi ya Waislamu wa msikiti ulio jirani naye hawagusi kabisa kadi hizi kwa sababu mkataba wenyewe una kipengele cha riba, hata kama hutailipa, na yeye huwaheshimu kwa hilo bila kujitetea.

Na thamani inamomonyoka. Delta iliondoa jedwali lake la bei za maili mwaka 2015, United ikafuata mwaka 2019, Marriott mwaka 2022. Maili za Delta hata zimepewa jina la utani la peso. Bila jedwali, kampuni huamka asubuhi na kutangaza bei inayotaka. Kwa hiyo fundi hawi na ghala. Anachuma pointi kwa safari fulani, anazitumia, anaanza upya. Anayejaza pointi milioni kwa ajili ya uzeeni anaweka akiba katika sarafu ambayo mwenye kiwanda anaweza kuipunguza thamani bila kumuuliza mtu.

Nikipima yote, namhesabu dada yangu miongoni mwa mafundi hodari ninaowajua, na nawashauri walio wengi wasimwige. Mwenye deni la kadi linalotozwa riba hana biashara na pointi; riba itameza bonasi nzima. Mwenye kipato kinachoyumba vilevile. Kwa yule anayelipa bili yake yote, mwenye gharama zinazotabirika na moyo wa kungoja, mlango uko wazi. Hyatt hufungua vyumba vyake karibu miezi 13 kabla. Anayetaka kumwona mshindi wa Oktoba ya mwakani akikata utepe Grant Park aanze kutafuta kitanda Septemba hii.